Maneno Matatu

Kazi yangu ina maneno matatu:
Vuta. Bana. Achia.
Miaka kumi na tisa nimeyasema hapa Oruro
kwa wachimba bati, na vumbi la mgodi
limewalala vifuani kama chumvi iliyomwagika.
Huku juu, mita elfu tatu na mia saba,
hata mzima huipata hewa kwa rejareja.

Februari tulicheza. Daktari Ticona alivaa
kinyago cha shetani chenye pembe na macho ya balbu,
akaruka mitaani hadi jasho likamchuruzika kidevuni.
Machi tukapewa barakoa, moja moja,
na bahasha ya kuihifadhia,
jina lako juu yake kwa kalamu ya wino.
Moja kwa juma. Aliyeuliza aliambiwa
shehena iko njiani.
Njia ni ndefu.

Wa kwanza kuletwa kutoka upande wetu wa kaunta
alikuwa Casimira wa mapokezi.
Aliingia akiona haya, kama mpishi aliyekutwa na njaa.
"Usiniambie kitu," akasema, "wewe piga tu."
Nikasema maneno yangu.
La pili lilimshinda:
alibana, akakohoa, akabana, akaomba radhi.
Kwenye skrini nikaona kioo kilichosagwa
kimemwagwa pande zote mbili.

Kisha Ticona. Kisha Remedios wa wodi ya wazazi.
Kisha Froilán, kijana wa machela.
Nikawa nawajua wenzangu kwa ndani
kuliko nilivyojua habari za nyumbani kwao.
Froilán aliwahi kuvunjika ubavu, zamani,
ukaunga vibaya. Hakuwahi kusema.

Ticona nilimpiga mara tatu.
Mara ya kwanza alikuja kwa miguu yake,
akaisoma picha mwenyewe, bega kwa bega nami,
miwani ikimwingia ukungu:
"Mgonjwa huyu," akasema, "ningemlaza."
Mara ya pili alisukumwa kwenye kiti.
Ya tatu nilimfuata mimi, na mtambo wa magurudumu,
nikasema Vuta, kwa mazoea tu,
ilhali mashine ndiyo iliyokuwa ikimvutia.
Sikuyamalizia mengine mawili.
Nilibonyeza.

Casimira amepona; ndivyo kisemavyo cheti.
Kutoka langoni hadi kaunta ni ngazi kumi na nne.
Hupumzika kwenye ya sita, na tena kwenye ya kumi,
akijifanya anatafuta funguo.
Remedios amerudi kuzalisha.
Humwinua mtoto, huusogeza utosi puani
kama alivyofanya kwa wote tangu ujana wake,
kisha humpa mama, upesi,
asigundulike kwamba hakupata harufu yoyote.
Froilán yuko makaburini, kule penye upepo.
Wizara imeleta fomu tuijaze:
walioambukizwa, waliopona, waliofariki.
Nimeigeuza nyuma na mbele.
Haina pa kuandika ngazi ya sita.

Agosti zamu ikanifikia.
Mpiga picha mwingine hapakuwa;
nikamfundisha Severino wa usafi kitufe kilipo,
dakika mbili, na asiguse kingine.
Nikaweka kidevu pale ninapowawekea watu,
kifua kwenye bamba.
Ni baridi lile bamba!
Miaka yote hiyo, na sikuwahi kulijua
ila kwa viganja vyenye glavu.

Nyuma ya kioo Severino aliyasahau maneno.
Nikamsikia akimeza mate.
Kisha akasema kwa Kiaymara,
kwa sauti anayomvulia nayo mwanawe sweta:
"Taratibu. Taratibu tu."

Nikavuta iliyokuwepo.